Vipande Vitano vya Chuma

Hania, 14 Oktoba 1969

Mdogo wangu Manusos,

Nakusalimu nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima na kile kifua chako kimetulia. Huku mvua ya kwanza imeshanyesha na paa la karakana limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Mizeituni ya shangazi Stamatia imebeba sana, kwa hiyo ameanza kutafuta watu wa kuichuma, yaani mimi. Kumbukumbu ya mama tulifanya Jumapili ya juzi. Nilichemsha ngano mwenyewe, nikaigawa mlangoni pa kanisa, na wengi waliuliza habari zako. Baba anakula vizuri kuliko anavyokubali.

Sasa huo mzigo wako. Mke wa Lefteris, aliyerudi kutoka huko kwako, alitushushia Alhamisi, na anasema amelaani jina lako tangu stesheni ya kwanza mpaka alipotoka melini, kwa uzito. Soksi zimefika, kahawa imefika, na lile pande la chuma limefika. Kikaratasi chako kilisema "Chuma ni cha baba." Maneno manne baada ya miaka minane. Hukujisumbua sana.

Siku mbili baba hakuligusa. Siku ya tatu akachukua tupa akalikwaruza, tupa ikateleza bila kuacha alama. Akaligonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Halafu akasema, nakuandikia kama alivyosema: "Humu nataka kisu kimoja. Kikitoka kizima, aliyekileta chuma apite mlangoni. Vikivunjika vyote, basi ametuma uozo, na amenidhihaki mara ya pili." Mara ya kwanza unaijua mwenyewe, sina haja ya kuiandika.

Tumelipasha moto tukalikata kwa patasi vipande vitano. Cha kwanza tulikitia kwenye moto mkali kama tunavyotia springi za lori tunazofulia visu, kikalia humohumo kwenye makaa kabla nyundo haijakigusa. Kimetoka na ufa wa urefu wa kidole. Vimebaki vinne. Wewe unasema ndiwe unayekaza vyuma hivi viwe vigumu huko kiwandani, basi tuambie vinataka nini.

Dada yako,
Argiro

*

Remscheid, 23 Novemba 1969

Dada Argiro,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kinakohoa asubuhi tu. Usinilaumu kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Hapa giza linaingia saa kumi jioni na supu ya hawa Wajerumani haina ndimu. Nimefurahi kusikia mizeituni imebeba. Mpe pole shangazi, na wewe zaidi.

Kuhusu chuma. Hiki si cha springi, hiki kina mambo. Kimetengenezwa kukata vyuma vingine, kwa hiyo ndani yake kuna vitu vigumu ambavyo havipendi kuharakishwa. Mwambie baba akiweke kwanza kando ya makaa, akigeuze taratibu kwa muda kama wa nusu ya misa, ndipo akisogeze katikati. Akipige kikiwa na rangi ya aprikoti iliyoiva, manjano ya kuelekea chungwa. Kikishuka kufikia wekundu wa cheri asikiongeze hata pigo moja, akirudishe motoni. Na asikiache kikaenda kwenye weupe, maana kitamong'onyoka. Nafasi ni hiyo tu, nyembamba. Na yale maji ya chumvi ya baba ya kukazia visu yafunikwe kabisa. Hiki hakiingii majini. Jinsi ya kukikaza nitaandika mkifika huko.

Najua atanuna kufundishwa na mimi. Mwambie umesoma gazetini.

Mdogo wako,
Manusos

*

Hania, 18 Januari 1970

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa hao unaokula nao supu. Theluji iko mlimani mpaka chini, na upepo unaotoka bandarini unapita uchochoro wetu kana kwamba unalipwa. Shangazi Stamatia amemaliza mizeituni, mgongo wangu nao umekwisha. Fundi viatu wa mkabala, Mihelis, anakusalimu. Ameanza kuuza na mikanda.

Nitakueleza bila kukuficha. Kipande cha pili kilikwenda kwenye weupe. Aliingia mteja kuulizia kisu cha kuchunia, tukageuka kumjibu, tuliporudi kilikuwa kinatoa cheche. Pigo la kwanza tu kikasambaa juu ya fuawe kama jibini mbichi.

Cha tatu kilituchukua siku tatu. Mapigo kumi na mawili, kisha motoni. Mapigo kumi na mawili, kisha motoni. Springi ya lori ingekuwa kisu kabla ya chakula cha mchana, lakini hiki kinakusukuma nyuma kila ukikipiga, na usiku bega halikubali kulaliwa. Lakini kilitoka, Manusos. Kilinyooka, ncha imeinuka kidogo kama anavyotaka baba, hakuna ufa. Kikakaa kizingitini kikapoa. Baba alikishika, akakigeuzageuza, na nilimwona anataka kusema kitu kizuri akakimeza.

Kesho yake tukataka kutoboa matundu ya mpini. Keekee haikuingia. Tumevunja ncha mbili za keekee. Siku ya tatu kilikuwa kimelala tu kwenye benchi, hakuna mtu aliyekigusa, kikalia ting. Ufa kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Na hakikuingia majini, hakikuingia kwenye mafuta, naapa kwa mama.

Baba amekitundika kwenye msumari pamoja na wale wenzake wawili, pale mbele ya macho ya kila anayeingia. Akasema, "Anajua anachotuma." Angalau sasa anakutaja. Vimebaki viwili.

Andika upesi safari hii.

Argiro

*

Remscheid, 29 Machi 1970

Dada Argiro,

Nimechelewa, na safari hii sitasema ni kazi. Nilianza barua hii mara nne.

Habari za hapa ni chache. Mama mwenye nyumba ameongeza kodi, tumbo langu zima, kifua kimenilaza wiki moja mwezi wa pili lakini nimeinuka. Basi, salamu zimekwisha.

Mimi sikazi vyuma, dada. Sijawahi. Nasukuma toroli. Natoa vyuma vilivyokataliwa kutoka kwenye mashine na kuvipeleka kwenye lundo uani, miaka minane sasa. Yote niliyokuandikia nimeambiwa na Josip, Myugoslavia mmoja anayefanya kazi kwenye matanuri, na yeye nampata Jumapili tu, tunazungumza Kijerumani cha kuokoteza cha watu wawili wasiokijua. Ndiyo maana barua zangu zinachelewa. Na pande lile nimelitoa kwenye lundo la vilivyokataliwa. Nililiomba kwa msimamizi, sikuiba. Lakini kwa nini lilikataliwa sijui. Inawezekana lilikuwa na kasoro ndani tangu mwanzo. Inawezekana baba anasema kweli, nimemtumia uozo, na sikuwa na akili ya kuutambua. Silali vizuri nikifikiria hilo.

Nilimsomea Josip barua yako. Pale pa keekee alinisimamisha. Akauliza, kama hamjakitia popote, nani amekikaza? Chuma ambacho hakijakazwa kinatoboka. Anataka umwandikie kila kitu tangu kinapoingia motoni mpaka kinapofika benchi, hata yale usiyoona kama ni kitu. Anasema hasa hayo.

Na mimi nina swali langu. Baba alikuwa anapiga mapigo saba na kurudisha motoni. Saba maisha yake yote, hata nikiwa nimelala niliyahesabu. Wewe umeandika kumi na mawili. Nani anashika nyundo, Argiro?

Manusos

*

Hania, 3 Mei 1970

Manusos,

Kristo amefufuka. Pasaka imepita salama, tulichinja mwanakondoo mdogo kwa sababu tuko wawili tu. Baba alikaa kanisani mpaka mwisho, akashika mshumaa kwa mikono miwili.

Ndiyo, kwa mikono miwili. Mikono yake inatetemeka, huu ni mwaka wa tatu. Nyundo naishika mimi. Mlango wa mbele tunaufunga nusu nikiwa nafua, watu wanasikia fuawe na wanadhani ni baba, fundi Pantelis. Mihelis anajua, na haongei. Ninapiga kumi na mawili kwa sababu napiga kwa bega la mwanamke wa miaka arobaini na sita, na saba yangu hayatoshi. Sikukuandikia kwa sababu ungefikiri nakuita urudi. Wewe na toroli lako, mimi na nyundo yangu, tumedanganyana vizuri. Sijakasirika. Nimechoka tu.

Kipande cha nne nacho kimekufa vilevile, Ijumaa kabla ya wiki takatifu. Kimenyooka, kimepoa, kimekataa keekee, kimelia ting. Kimebaki kimoja. Jana baba alimwambia Mihelis kwamba ana binti mmoja na hakuzaa mwingine.

Mwambie huyo Josip wako ninavyofanya. Napasha kando ya makaa, nageuza, kama ulivyosema. Nasogeza katikati. Kikifika aprikoti nakitoa. Napiga kumi na mawili, narudisha. Hivyo mpaka kikapata umbo. Nakipasha mara ya mwisho ili kijinyooshe, nakitoa, nampa baba. Baba anakishika kwa koleo refu, anatembea nacho pole pole mpaka mlangoni, anakilaza juu ya jiwe la kizingiti upepo ukipitie, kama siku zote. Anakaa pembeni kwenye kigoda mpaka kipoe, na hakuna anayepita, maana kisu kinachopoa hakirukwi. Kisha ananiletea benchi. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia, hiyo moja. Nikianza kufua asubuhi anavaa aproni na kukaa akiisubiri, na siku hiyo hata mkono hautetemeki sana. Basi, hayo ndiyo yote. Sioni palipo na kosa.

Argiro

*

Remscheid, 12 Mei 1970

Dada,

Barua yako nimeipata leo na naandika leo, salamu utanisamehe.

Ni kizingiti.

Nilimfuata Josip nyumbani kwake, sikungoja Jumapili. Nilipomsomea pale pa jiwe na upepo alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Springi ya lori ukiilaza kwenye upepo inapumzika. Chuma hiki hakipumziki. Kazi ambayo maji yanaifanyia springi, upepo unaifanyia chuma hiki. Kikitoka motoni kikakutana na hewa ya bandarini, kinakazika palepale, upande huu ukiwa bado na moto na upande ule umekwisha kuwa kioo, na uchungu wote wa nyundo umebaki ndani. Siku mbili tatu baadaye kinapasuka chenyewe. Ndicho kilichovunja keekee zako.

Kwa hiyo kisionje upepo. Kikitoka motoni mara ya mwisho, kizikwe kwenye boksi la majivu makavu, majivu yenyewe yawe ya moto, yafunikwe, kikae humo mpaka kesho yake. Afadhali ufanye hivyo mara mbili. Hapo ndipo tupa na keekee zitaingia. Matundu yakishatobolewa na makali yakishachongwa, ndipo unakipasha tena mpaka aprikoti inayong'aa, unakishikilia hapo kama muda wa kusema Baba Yetu mara ishirini, halafu unakiacha hewani. Wakati huo, na wakati huo tu, upepo una kazi. Kikiwa cha kushikika kwa mkono kipeleke haraka kwenye tanuri la mkate, baada ya mikate kutoka, kikae saa mbili. Kipoe, kirudi tena saa mbili.

Ni mimi ambaye ningepaswa kujua. Nimezaliwa hapo mlangoni. Karibu miezi sita nakuandikia habari za moto na rangi, na kizingiti sikukitaja, kwa sababu sipendi kukifikiria. Asubuhi niliyoondoka palikuwa na kisu kimelala pale kinapoa, na baba amekaa kwenye kigoda. Alijua nina meli. Ningesubiri robo saa. Nikakiruka, na sanduku mkononi, kama mtu anavyoruka dimbwi. Uliniandikia baadaye kwamba baba alikitupa baharini kisu hicho. Tangu hapo kila nikivuka mlango wowote naona miguu yangu.

Sasa nisikilize. Usimwambie. Una kipande kimoja. Kifue yeye akiwa kanisani, kizike majivuni, umwonyeshe kisu kimekamilika. Au kama haiwezekani, mwambie chuma kilikuwa kibovu na mimi nimekiri. Nimeshakaa miaka minane na hasira yake, nimeizoea. Lakini asijue kwamba vile viwili amevivunja yeye, kwa kazi moja iliyombakia. Nakuomba.

Manusos

*

Hania, 21 Juni 1970

Mdogo wangu Manusos,

Nakusalimu, na Mihelis anakusalimu, na shangazi Stamatia ametuma konokono wa mlimani ambao ningekula zaidi kama ningekuwa na nguvu za kuinua uma. Joto limeingia. Bega langu nalipaka mafuta ya kafuri na karakana nzima inanuka kama hospitali.

Nilikusikiliza. Nitakueleza ilivyokwenda.

Kusubiri aende kanisani haiwezekani, kukifua ni siku tatu na misa ni moja. Kwa hiyo nilitumia ujanja. Nilifua kipande cha mwisho cha pande lako, na siku ya mwisho nikaweka motoni pembeni bapa la springi lenye umbo lilelile. Lako nikalisukumia kwenye boksi la majivu chini ya benchi, la springi nikampa baba. Alilinyanyua kwa koleo, akatembea hatua mbili, akasimama. Akarudi akaliweka juu ya fuawe.

"Hili la lori," akasema. "La yule liko wapi?"

Nilikaa chini sakafuni, Manusos, kama mtoto, nikamwambia yote. Toroli, Josip, lundo, upepo, kizingiti. Nilimwambia na ulivyoniomba nisimwambie.

Akaenda kwenye ule msumari, pale alipovitundika vile vinne. Akashusha viwili, akaniwekea mapajani. "Hiki kilipasuka motoni, hiki kilimong'onyoka. Hivi ni vyako." Akashusha viwili vingine, akavitazama, akavitia kwenye mfuko wa aproni. "Hivi ni vyangu." Akapitisha mkono kwenye ukuta mtupu, polepole, kama anayetafuta kilichobaki.

"Cha yule hakuna," akasema.

Basi. Akavuta kigoda chake kutoka mlangoni, akakiweka kando ya lile boksi, akakaa na kiganja juu ya kifuniko mpaka jioni, akisikiliza joto linavyotoka. Kesho yake kilitoka laini, tupa ikakila, keekee ikaingia kama kwenye mti. Nililia kidogo kwa sababu ya keekee. Ni uchovu.

Mpini ni wa pembe ya kondoo dume, ile nyeupe aliyokuwa ameificha tangu enzi za mama. Siku ya kukikaza nilikipasha, nikahesabu Baba Yetu ishirini, nikampa yeye. Akatembea nacho pole pole mpaka mlangoni akakilaza kizingitini, upepo ukapita. Safari hii palikuwa ndipo mahali pake. Mihelis alikuja kuazima koleo akasimama nje akasubiri bila kuambiwa. Kalliopi, mwenye tanuri la mkate, alitupa nafasi baada ya mikate, mara mbili, bila kuuliza. Leo ni siku ya tisa na hakijalia. Kila asubuhi baba anakigonga kwa ukucha na kutega sikio.

Upande wa bapa, pale tunapochora ubeti wa shairi kwa mwenye kisu, ameuacha mtupu. Nilimuuliza niandike nini, akasema kwanza apatikane wa kusomewa. Baadaye, tukiwa mezani, akiwa anahangaika na konokono, akaniuliza, "Yule bado ana miguu mirefu?"

Nikamwambia sijui, sijaiona miaka minane. Akasema, "Muulize."

Basi nakuuliza. Na nakuambia kwa upande wangu, kwa vile sasa hatudanganyani: nyundo ni nzito, Manusos. Springi zimejaa uani, na kumi na mawili yangu hayafikii saba ya baba.

Dada yako,
Argiro

*

Remscheid, 4 Julai 1970

Dada Argiro,

Shikamoo wewe, na shikamoo baba, naandika hivyo hivyo umsomee.

Nimerudisha toroli. Josip amenipa kipande kingine, hiki hakijakataliwa na mtu. Mimi si mhunzi tena, mikono yangu imezoea kusukuma, itabidi mnifundishe upya kama mgeni. Meli kutoka Pireo inafika huko alfajiri ya tarehe ishirini na tano, ikifika. Usiandike tena, barua itanikosa njiani.

Mwambie baba kwamba miguu ni ileile, ila imechoka. Na mwambie Mihelis aniwekee kiti nje ya duka lake. Nikikuta kuna kisu kizingitini, nitakaa pale mpaka kipoe.

Manusos